Utoto wa Seyyida Salme wa Mtoni

Wasikilizaji wetu, nanyi msomao maneno haya kitabuni baada ya kusemwa, mazungumzo yetu ya leo ni habari za mtoto mmoja wa kike aliyezaliwa Unguja zamani za Seyyid Said bin Sultan, akakulia shamba na pwani, kisha alipokuwa mtu mzima katika nchi ya mbali akaziandika habari za utoto wake mwenyewe. Jina lake ni Seyyida Salme binti Said. Kitabu chake kilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1886, na mengi tutakayoyasimulia yametoka humo. Tumemchagua yeye kwa sababu mtoto huyu aliachiwa mambo mengi ambayo mabinti wa siku zile hawakuachiwa. Walakini jambo moja alilonyimwa, nalo ni kuandika, alilitwaa kwa siri, na hilo ndilo lililogeuza maisha yake yote.

Yafaa kwanza tuieleze nyumba aliyozaliwa. Seyyid Said alitawala Omani tangu mwaka 1806. Alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akapendezwa mno na kisiwa, hata ilipofika mwaka 1840 makao yake makuu yalikuwa huku, na Maskati ikatawaliwa na mwanawe kwa niaba yake. Ndiye aliyewahimiza wenye mashamba kupanda mikarafuu kwa wingi. Nyumba yake ya shamba ilijengwa kaskazini ya mji, ukingoni mwa bahari, mahali panapopita mto mdogo. Kwa hiyo ikaitwa Beit el Mtoni. Hapo ndipo alipozaliwa Salme, tarehe 30 Agosti, 1844.

Mama yake aliitwa Jilfidan. Alikuwa Msarkasi, mtu wa nchi ya milima iliyo mashariki ya Bahari Nyeusi. Vita viliingia kwao, wazee wake wakauawa, naye na nduguze wakachukuliwa na wanyang'anyi, wakatengwa asiwaone tena. Alifika katika nyumba ya Seyyid akiwa mtoto wa miaka saba au minane. Akalelewa pamoja na mabinti wawili wa Seyyid waliokuwa rika lake, akajifunza kusoma pamoja nao, na alipokuwa mtu mzima akawa suria. Tukumbuke habari hii tuendeleapo, maana Salme alikuwa binti wa mfalme na papo hapo alikuwa mtoto wa mwanamke aliyetekwa.

Salme akadiria kuwa watu waliokaa Mtoni walipata elfu moja, kwa kuhesabu masuria, watoto, matowashi, watumishi na watumwa. Mbele ya Seyyid walisema Kiarabu, kwa kuwa hakupenda lugha nyingine. Lakini akiisha kutoa mguu, kila mtu alirudia lugha ya kwao, ikasikika Kiajemi, Kituruki, Kisarkasi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi, vyote katika ua mmoja. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo aliingiwa na lugha masikioni kama wengine waingiwavyo na sauti za ndege.

Na ndege nao hawakukosa. Katika ule ua mkubwa waliachwa paa, tausi, mbuni, heroe, mabata na mabata bukini, wakitembea wapendavyo, na watoto kati yao. Salme asimulia kwamba siku moja tausi mmoja mkali alimrukia ndugu yake, Jamshid. Watoto wote wakamwendea yule tausi kwa pamoja, wakamshinda, na kwa kulipa kisasi wakamnyonyoa manyoya mazuri ya mkia. Twasoma habari hii tukicheka, lakini yatufundisha jambo kuhusu nyumba ile: watoto wa Seyyid walikuwa wengi, wa mama mbalimbali, weupe na weusi, na katika michezo walikuwa jeshi moja.

Upande wa pili wa ua zilikuwako hamamu, ambako watu waliingia na kutoka mchana na usiku, wakaoga, wakalala, wakasali, wakasoma. Mbele ya nyumba, juu ya bahari, palikuwa na jengo la duara lenye roshani, wenyewe wakiliita benjile. Hapo Seyyid alizoea kutembea huku na huku, ameinamisha kichwa, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyompata pajani vitani zamani. Katika juma alikaa Mtoni siku nne, zilizobaki akakaa mjini. Salme alimpenda baba yake sana, na kila anapomtaja katika kitabu maneno yake hulainika. Mke wa ndoa, Bibi Azza binti Seif, hamlainishii maneno hata kidogo. Alikuwa mfupi wa kimo, hakuwa na mtoto, na nyumba nzima ilimwogopa. Kila asubuhi wakubwa kwa wadogo walikwenda kumpa heshima yake, naye aliipokea kama deni linalolipwa.

Watoto wa nyumba ile, wa kiume na wa kike, walipofika umri wa miaka mitano walifundishwa kupanda wanyama, asubuhi na jioni, na walimu wao walikuwa matowashi. Mtoto akiisha kuwa hodari hupewa mnyama wake mwenyewe. Wavulana walichagua farasi, na wasichana walipewa punda weupe wa Maskati, ambao thamani yao mara nyingi ilishinda ya farasi. Msikilizaji wa kijijini aliyemzoea punda wa kubebea mizigo huenda akaona ajabu kusikia hivyo, lakini punda wa Maskati alikuwa mnyama wa wakubwa, mrefu, mwepesi, na matandiko yake yalipambwa kwa fedha.

Salme alipofika umri wa miaka saba mambo yalibadilika. Ndugu yake mmoja, Seyyid Majid, aliyekuwa amefiwa na mama yake, alipewa nyumba yake mwenyewe mjini, Beit el Watoro, akaomba Jilfidan aje akae naye amtunzie nyumba. Salme akafuatana na mama yake. Mtoto aliyezoea ua wa Mtoni, bahari na mto, alijiona amefungwa katika nyumba ile ya mjini, akalia siku nyingi. Majid alimhurumia, akampenda kama pacha wake, akamfundisha michezo yake mwenyewe. Akamfundisha kulenga shabaha kwa bunduki na bastola, na kupigana kwa upanga na mkuki, na hata kufuga majogoo ya kupiganisha. Mama yake aliingiwa na hofu kumwona binti akizoea silaha badala ya sindano, lakini hakuweza kuzuia, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa Majid. Salme mwenyewe asema aliona afadhali silaha mara elfu kuliko kushona.

Tena alikuwa mpanda miti. Asimulia jinsi alivyopanda siku moja mnazi mrefu bila pingu, ile kamba ya miguuni watumiayo wakwezi, na alipokuwa huko juu akaanza kuwaamkia kwa sauti watu waliokuwa wakipita chini. Watu wakasimama wakimsihi ateremke polepole, naye akaona fahari. Wasikilizaji wetu walio wazazi wafikiri ingekuwaje kwao.

Sasa tufike chuoni, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mwalimu wao alikuwa mwanamke kutoka Omani, mkali, mwenye fimbo isiyopumzika. Watoto walikaa mkekani katika baraza iliyo wazi, ndege wakiingia na kutoka. Kitabu kilikuwa kimoja tu, nacho ni Kurani Tukufu. Waliokwisha kujua herufi walisoma pamoja kwa sauti kubwa, na maana hawakuelezwa. Mwenye kuuliza maana alihesabiwa kuwa na ujuvi. Juu ya hayo waliongezewa hesabu kidogo. Wavulana walifundishwa pia kuandika, wakinakili aya za Kurani kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia uliosafishwa ukawa mweupe. Mfupa huo ulikuwa ndio ubao wao, ukioshwa na kuandikwa tena. Wasichana waliishia katika kusoma. Kalamu haikuwa yao.

Kwa nini? Watu wa zamani walitoa sababu zao, nasi hatukusudii kuwahukumu wote kwa neno moja, kwani desturi hiyo ilikuwako katika nchi nyingi, hata za Ulaya katika karne zilizotangulia. Walakini matokeo yake nyumbani yalikuwa haya: bibi aliyetaka kumpelekea dada yake barua ilimbidi amweleze mtumishi maneno yake, naye mtumishi amwendee mwandishi, na mwandishi aandike alivyosikia au alivyopenda. Siri ya bibi ikapita katika vinywa viwili na masikio mengi kabla ya kufika. Tena barua ilipofika, ilikuwa na maneno ya watu watatu ndani yake.

Salme alichoka na jambo hilo. Akatafuta mfupa wa bega la ngamia, akautia ndani, akaiweka Kurani mbele yake, akaanza kuziiga herufi moja moja, peke yake, bila mwalimu. Alifanya hivyo kwa siri. Alipoweza kuandika, lakini bado kwa mkono mbaya, akamchagua mmoja wa watumwa wa nyumba aliyekuwa na elimu, akamfanya mwalimu wake wa hati. Habari zilipotoka nje alilaumiwa sana. Asema hakujali, na twamwamini, kwa sababu mtoto aliyepanda mnazi bila pingu hawezi kuogopa maneno ya barazani.

Furaha ile haikudumu. Tarehe 19 Oktoba, 1856, Seyyid Said alikufa baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa katika merikebu yake akirudi kutoka Omani. Jamaa walikuwa wakimngojea Unguja kwa hamu, wakapokea maiti. Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Watoto waliobaki hai walikuwa 36. Yeye akahesabiwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi, shamba na fedha. Majid akatawala Unguja, na ndugu yao Thuwaini akashika Omani. Mwaka 1859 ugonjwa wa kipindupindu ulipita kisiwani ukaua watu wengi, na mmoja wao alikuwa Jilfidan. Salme asimulia kuwa alikaa karibu na mama yake bila kujali maambukizo, kwani hakutaka kubaki duniani peke yake.

Mwaka huo huo ulileta fitina. Seyyid Barghash, ndugu mwingine, alitaka kumpindua Majid. Dada yake Salme, Bibi Khole, alikuwa upande wa Barghash kwa moyo wote. Naye Salme alimpenda Khole kupita kiasi. Wafuasi wa Barghash walikuwa na fedha, silaha na masheha waliowaunga mkono, lakini walipungukiwa na mtu wa kuaminika wa kuandika barua zao. Katika wale mabibi aliyejua kuandika alikuwa Salme. Akawa katibu wa fitina akiwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, akiandika usiku barua za kuagiza bunduki, baruti na risasi, dhidi ya ndugu yule yule aliyemfundisha kushika bunduki.

Twaombeni wasikilizaji wasipite hapa haraka. Kalamu aliyoipata kwa siri, kwa nia ya kulinda siri za mabibi, sasa ilitumika kwa siri kubwa kuliko uwezo wake. Salme aeleza kwamba wakati wa kuandika moyo wake ulimchoma, akijua kuwa maneno yake yatakwenda kuua watu. Na bado aliandika.

Fitina ilishindwa. Majid alizingira nyumba ya Barghash kwa askari; dada zake wakaingia kumzuru, wakamtoa amevaa nguo za kike, akakimbilia shamba lililoitwa Marseille. Majid akasaidiwa na askari wa manowari za Waingereza, shamba likapigwa, watu wengi wakafa. Barghash alirudi mjini, akajisalimisha, akapelekwa Bombay. Salme hakutiwa kifungoni, kwa kuwa Majid alikataa kuwaadhibu dada zake. Lakini jamaa walimtenga, marafiki hawakupita mlangoni pake. Akarudi shamba, kwanza Kizimbani, kisha Bububu, karibu na bahari na si mbali na Mtoni alikozaliwa. Baadaye alipatana na Majid, na kwa sababu hiyo Khole naye akamwacha.

Yaliyofuata tutayapitia upesi, maana si habari za utoto tena. Alijuana na mfanya biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete wa Hamburg, akachukua mimba, na mwezi wa Agosti mwaka 1866 akaondoka Unguja usiku katika manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa mwaka 1867, akaenda Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akabaki mjane na watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi, lugha ngeni, na fedha zikizidi kupungua.

Ndipo kalamu ikamrudia kwa kazi nyingine. Alianza kuandika habari za maisha yake kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakuijua nchi ya mama yao. Mwanzoni hakukusudia kuzichapisha. Jambo hili hatuna budi kulijua tusomapo. Yeye alikuwa mama aliyewasimulia watoto wa Hamburg jua, karafuu na bahari, tena alikuwa mtu aliyepoteza kila kitu, akitazama nyuma. Katika hali hiyo nyumba ya Mtoni haikosi kung'aa kupita ilivyokuwa. Pia aliwaandikia Wazungu waliodhani kwamba mabibi wa Kiarabu hawana akili wala kazi, na mahali pengi anabishana nao. Twaona mara nyingi ana haki. Hata hivyo mwenye kubishana huficha udhaifu wa upande wake.

Mwaka 1885, kabla ya kitabu kutoka, alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Aliyetawala alikuwa Barghash, yule aliyemwandikia barua zamani. Barghash alikataa kumwona, akakataa kumpa urithi aliodai. Watu wa mji walimlaki kwa furaha, wakimwamkia njiani. Alikwenda Mtoni akaikuta nyumba imekuwa magofu: ngazi zimebomoka, hamamu hazina dari, majani yameota mahali walipocheza. Alirudi mara nyingine mwaka 1888, akaishi Beirut miaka mingi, akafa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari, 1924.

Limebaki jambo moja, nalo ni lile asilolitazama sawasawa. Utoto ule wa raha ulilimwa na watu. Mikarafuu ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Punda weupe walisafishwa na watumwa. Watoto walipelekwa chuoni na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, katika utawala wa Barghash, na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria huko mpaka mwaka 1897. Salme, ambaye mama yake mwenyewe alichukuliwa kutoka kwa wazee waliouawa, aliandika sura nzima ya kuutetea utumwa wa nchi yake, akisema Wazungu hawakuuelewa na kwamba maskini wa viwandani kwao walikuwa na hali mbaya zaidi. Habari za mama yake alizisimulia kwa machozi. Lakini mamia ya watoto waliokamatwa bara, wakavushwa bahari, wakakua katika mashamba yale yale aliyopanda punda, hawakupata machozi hayo kitabuni. Twasema haya bila kumtukana. Ni shahidi mkubwa kuliko wote wa nyumba ile, na shahidi husema alilosimama karibu nalo.

Nao watoto wale, walipokuwa watu wazima, walikuwa na habari zao za utoto. Wachache waliziandika, kama wale waliofundishwa na wamisheni baada ya kuokolewa katika majahazi. Wengine waliwasimulia watoto wao jioni, na baadhi ya hadithi hizo zingali zikisimuliwa na wajukuu katika mashamba ya Unguja na Pemba. Wanafunzi wetu walio na babu na bibi wazee nyumbani, na daftari mkononi, wanaweza kuzisikia.

Katika ua wa Mtoni wa leo, kuta zingali zimesimama karibu na maji, na wageni huonyeshwa zilipokuwa hamamu. Mjini, katika jumba la makumbusho la Unguja lililokuwa jumba la wafalme, kilitengwa chumba cha Salme. Jina lake liliandikwa hapo, na ya baba yake, na ya ndugu zake waliopigania kiti. Yule mtumwa mwenye elimu, aliyeketi na binti wa Seyyid akimwonyesha jinsi ya kuinamisha kalamu ili herufi itoke nzuri, Salme hakumwandika jina.